Samaki Asiyevuliwa

Arusha ni mji wa mlima, si mji wa bahari. Anayeamka alfajiri katika viunga vyake huuona Meru umesimama zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe huisikia kwa jina tu. Mito itokayo mlimani ni mingi, lakini ni myembamba na ya haraka. Hushuka kwa kelele kupita katika migomba na mibuni, huingia Kikuletwa, hujikusanya katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hufuata njia ya Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Kwa njia hii mlima huwanywesha samaki ambao hauwaoni. Ziwa Duluti, lililolala katika shimo la volkano karibu na Tengeru, lina samaki wake, lakini ni dogo mno kuulisha mji. Maziwa ya Momella yamo ndani ya hifadhi ya taifa, na maji yake ni ya magadi. Wageni wake ni heroe, si wavuvi. Zaidi ya hayo, wafugaji wa Kimaasai, majirani wa mji huu tangu haujawa mji, kwa desturi yao ya kale hawakumhesabu samaki kuwa chakula.

Walakini samaki huliwa Arusha kila siku. Sato na sangara hufika kutoka Mwanza wamelazwa katika barafu; dagaa huja magunia kwa magunia kutoka Ziwa Victoria na Kigoma; perege hutoka Nyumba ya Mungu; na Tanga, kwa zamu yake, huleta wa baharini. Katika soko la Kilombero, na katika soko la Tengeru siku ya Jumamosi, mama muuza samaki hukaa nyuma ya meza yake, na mnunuzi humtazama samaki jicho na matamvua kabla ya kumtazama mwuzaji usoni. Mnunuzi huyo hamjui mvuvi, wala mvuvi hamjui yeye. Kati ya wavu na sufuria imo mikono ya watu wengi: wa mtumbwi, wa mnadani, wa barafu, wa lori, wa meza na wa kikaango. Kila mkono huchukua haki yake kidogo, na kidogo hicho ndicho ada ya shule, kodi ya chumba na dawa ya mtoto.

Mji ambao samaki wake karibu wote ni wageni ni mahali panapofaa kutafakari habari ya samaki aliye mgeni kuliko wote: samaki asiyevuliwa wala kufugwa, bali aliyekuzwa kwa chembe ndani ya pipa. Hajafika Tengeru. Lakini habari yake imekwisha kufika, na aghalabu habari ni mjumbe atanguliaye bidhaa.

Jambo lenyewe laweza kuelezwa kwa maneno machache. Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Chembe hizo, zikipata chakula, joto na hewa kwa kadiri yake, hugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Mtaalamu hukata kipande kidogo cha nyama ya samaki, huchagua chembe zenye nguvu ya kuzaana, na huzitia katika maji yaliyochanganywa chumvi, sukari, vitamini na viini vya protini. Zikisha kuwa nyingi huhamishiwa katika pipa la chuma, safi kama chumba cha upasuaji, kwa sababu bakteria wakipenya huweza kuila karamu yote. Mwishowe hupewa kiunzi, mara nyingi cha asili ya mimea, zipate mahali pa kushika na umbo la mnofu. Kinachopatikana hakina kichwa, hakina mwiba, hakina magamba. Ni mnofu uliofika mezani bila ya kupitia samaki mzima.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1931 Winston Churchill alitabiri katika makala yake kwamba iko siku viungo vya kuku vitakuzwa peke yake, pasipo kuku. Mwaka 2002 wataalamu wa chuo kimoja cha New York, kwa fedha za shirika la Marekani la safari za anga, walikuza vipande vya nyama ya samaki wa dhahabu wakitafuta chakula cha wasafiri wa mbinguni. Walivipaka mafuta ya zeituni, ndimu na kitunguu saumu, wakavikaanga. Watu walioitwa kutoa rai walitazama na kunusa, lakini hawakuonja. Mwaka 2013 Mark Post wa Maastricht alikaangisha London mkate wa nyama ya ng'ombe uliokuzwa kwa chembe, uliogharimu kiasi cha yuro 250,000. Desemba 2020 Singapore ikawa nchi ya kwanza kuruhusu nyama ya kuku ya namna hii iuzwe. Afrika nayo haikukaa pembeni: mwaka 2022 kampuni ya Cape Town ilionyesha nyama ya ng'ombe iliyokuzwa vivyo hivyo. Na zamu ya samaki ilipofika, Mei 2025, wakuu wa chakula wa Marekani walimaliza kuichunguza samoni ya kampuni ya Wildtype bila ya kuwa na swali zaidi juu ya usalama wake, ikaanza kuuzwa katika mkahawa mmoja wa Portland. Tangu mkaango ule usioonjwa mpaka sahani iliyolipiwa ilipita miaka 23. Kwa mwendo wa uvumbuzi, huo si muda mrefu.

Mkulima wa Meru akisimuliwa mambo haya hawi mjinga wa kuyashangaa kama mtu asiyewahi kuona mfano wake. Migomba ilimtangulia samaki kuingia chupani. Tengeru ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, na hapo watafiti wa migomba huishughulikia mshare, ndizi ipendwayo kwa mapishi ya kaskazini, ambayo ugonjwa wa mnyauko uliomo udongoni huiangusha bila ya huruma. Katika vyumba vya kazi ya namna hii mtaalamu huchukua ncha changa ya ukuaji katika chipukizi, huiosha kwa dawa, huiweka katika chupa juu ya ute mzito wenye chumvi, sukari na vichocheo vya kukua. Ncha moja hutoa vichipukizi vingi; vichipukizi hukatwa tena na tena, mpaka chanzo kimoja kimekuwa miche mamia, isiyo na minyoo wala kuvu. Ute ule wenyewe, aghalabu, hutokana na mwani. Kwa hivyo bahari imekwisha kupanda Meru siku nyingi, si kwa umbo la samaki, bali kwa umbo la kitanda cha mgomba.

Mifano hii miwili hufanana kama ndugu, lakini ndugu hao hawakurithi sawa. Tofauti yao ilifunuliwa na mzee mmoja wa mitelemko ya Nkoaranga, ambaye mjukuu wake alikuwa na kazi katika chumba cha chupa. Kijana alimpelekea miche sita, akaikuta shikamoo yake imepokewa kwa furaha kuliko miche.

"Marahaba, mjukuu wangu. Na hivi ni vitunguu?"

"Ni migomba, babu. Imetoka chupani."

"Itazaa?"

"Itazaa, babu, na haitaanza na maradhi."

"Na machipukizi yake, jirani akiniomba, nitampa?"

"Utampa, babu. Nani atakuzuia?"

"Basi ni migomba," alisema mzee, akaenda kutafuta jembe.

Baadaye, miche ilipokwisha kupandwa na chai kunywewa, kijana alimsimulia habari ya samaki wa pipa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakukunja uso, wala hakucheka. Aliuliza swali lile lile la kwanza.

"Huyo naye nikimpata, nitampa jirani mbegu yake?"

"Hana mbegu, babu. Ukimnunua utamla, na habari yake itakuwa imekwisha. Mwenye chembe ndiye mwenye samaki."

"Basi huyo si wa mto," alisema mzee. "Huyo ni wa duka."

Maneno ya mzee yalikuwa ya mzaha, lakini yaligusa kiini cha jambo. Mgomba ulioingia chupani hurudi shambani ukawa mgomba kamili. Hutoa mkungu, hutoa machipukizi, na chipukizi huvuka mpaka wa jirani bila ya hati. Bibi humpa binti aliyeolewa, binti humpa wifi, wifi humpa rafiki, na asili yake husahauliwa kabla ya mkungu wa tatu. Chembe ya samaki iliyoingia pipani hairudi mtoni. Haiwi samaki anayetaga. Huzaa mnofu, na mnofu hauzai kitu.

Lugha ya Kiswahili, kwa bahati au kwa hekima, iliweka shaka juu ya jambo hili zamani kabla ya maabara. Ng'ombe akiwa zizini ni "huyu". Akichinjwa na kukatwa huwa "nyama hii". Kisu kikipita, sarufi humwondoa katika jamii ya wenye uhai. Samaki hatendewi hivyo. Akiwa majini ni "huyu", akiwa mezani kwa mama muuza ni "huyu", na hata akiwa sufurianina nazi juu yake husemwa "samaki ameiva". Msemaji wa Kiswahili humla samaki lakini hamvui utu wake wa kisarufi mpaka mwiba wa mwisho. Je, kinachotoka pipani kitaitwaje? Kusema "samaki huyu" ni kumpa uhai asiyepata kuogelea. Kusema "nyama hii ya samaki" ni kukiri kwamba kitu kimekatwa kutoka kwa mwenyewe ambaye hayupo. Liko neno la tatu, lililo nyenyekevu na la haki: "kitoweo". Neno hilo haliulizi asili, huuliza kazi. Chochote kinachosindikiza ugali ni kitoweo. Pengine hapo ndipo mgeni huyu atakapopewa kiti kwa muda, mpaka ijulikane ni jamaa wa nani.

Lakini si haki kumhukumu mgeni kabla ya kusikia haja iliyomleta. Haja hiyo ni kubwa. Maji ya dunia yamevuliwa kuliko yanavyoweza kurudisha katika mahali pengi. Ziwa Victoria ni somo lililo karibu: sangara aliletwa ndani yake katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 jamii nyingi za furu, samaki wadogo wasiopatikana penginepo duniani, zilikuwa zimetoweka au zimebaki chache mno. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi 3, tangu Mei 15 mpaka Agosti 15, 2024, ili samaki wapate kupumua; na mtu hafungi mlango wa ghala ila ameona sakafu yake. Pwani ya Tanzania ilipigwa kwa baruti miaka mingi, na mwamba uliovunjwa kwa dakika moja hujengwa na matumbawe kwa muda mrefu kuliko umri wa mvunjaji.

Ufugaji umesaidia, na mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, samaki na wanyama wengine wa majini waliofugwa duniani, tani milioni 94.4, walizidi waliovuliwa, wakawa asilimia 51 ya jumla. Lakini mfugo hula. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria husagwa kuwa chakula cha kuku na cha samaki wa mabwawa, na dagaa ni kitoweo cha asiyekuwa na fedha ya sato. Kumnyima maskini dagaa ili kumnenepesha samaki wa tajiri ni ufugaji wenye kasoro katika maadili yake, hata kama hesabu zake ni nzuri. Basi mtu akisema kwamba ataweza kutoa mnofu pasipo kulichosha ziwa, kulivunja tumbawe wala kumsaga dagaa, yapasa asikilizwe kwa adabu. Chakula cha chembe nacho kina gharama: kwa muda mrefu kilitegemea ute wa damu ya ndama asiyezaliwa, jambo ambalo watengenezaji wengi wamejitahidi kuliepuka, na pipa huhitaji umeme na maji safi sana, na maji ya sehemu nyingi za Meru yana floridi inayotia meno rangi ya kahawia. Gharama hizi ni za kazi, na kazi huweza kupata ufundi wa kuipunguza.

Wapo wanaokikataa chakula hiki kwa ugeni wake. Hoja yao haina miguu. Sangara mwenyewe ni mgeni aliyeletwa kwa mkono wa mtu. Mwani wanaoulima wanawake wa Zanzibar kwa ajili ya biashara ulitoka Ufilipino, ukaanza kulimwa huko mwaka 1989. Mgomba, ambao Meru bila ya huo haidhaniki, asili yake ni Asia. Kama kila kigeni kingekataliwa, mlima huu ungelala na njaa. Wapo pia wenye swali la dini, na swali lao ni la heshima. Kwa Waislamu samaki hahitaji kuchinjwa, kwa hivyo hukumu yake ni nyepesi kuliko ya ng'ombe. Na Februari 2024 baraza la dini ya Kiislamu la Singapore lilitoa fatwa kwamba nyama ya chembe yaweza kuwa halali ikitimiza masharti, na moja kati ya hayo ni kwamba chembe zitoke kwa mnyama aliye halali. Kuna na serikali zilizofunga mlango kwa sheria, kama Italia mwaka 2023 na jimbo la Florida mwaka 2024, zikisema zinawalinda wafugaji wao. Kufunga mlango ni rahisi. Kujua ni nani aliyesimama nje, na amebeba nini, ni kazi ngumu zaidi.

Swali la mzee wa Nkoaranga ndilo linalobaki: ni wa nani? Kiswahili hutumia kiungo kimoja kidogo, "wa", kuonyesha mambo mawili makubwa. Samaki wa ziwa, samaki wa bwawa, samaki wa pipa: hapo "wa" yaeleza mahali. Samaki wa Juma, samaki wa kampuni: hapo "wa" yaeleza milki. Samaki wa kale alikuwa wa ziwa kabla hajawa wa mvuvi, na kati ya "wa" ya kwanza na "wa" ya pili palikuwa na nafasi ya mtu maskini kuingiza ndoano yake. Samaki wa bwawa aliipunguza nafasi hiyo, kwa kuwa bwawa lina mwenyewe na vifaranga hununuliwa. Samaki wa pipa ameifunga kabisa. "Wa" zake mbili zimekuwa moja. Hapana dakika hata moja ya maisha yake ambayo hakuwa mali ya mtu.

Mtu anaweza kujibu kwamba hata samaki wa ziwa hakupata kugawanywa kwa haki, na jibu hilo ni la kweli. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, na wakazi wa ziwa wakauziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya kisu. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Lakini yafaa kutazama mfano huu kwa makini, kwani una uchungu ndani yake. Sangara, kwa kuwa alikuwa samaki mzima, ilimlazimu mwenye kiwanda kuacha kitu. Panki lilikaangwa, likauzwa, likasomesha. Samaki wa pipa hana kichwa wala mfupa. Ni mnofu mtupu, mwanzo wake na mwisho wake. Hata makombo hana.

Mlima Meru unaijua elimu hii, maana uliilipia. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Ulikuwa mpango uliosemwa kuwa wa maendeleo, wa maziwa mengi na nyama nyingi. Wameru hawakupinga maziwa wala nyama. Walipinga kuwa wageni juu ya mizizi yao wenyewe, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akalitetea jambo hilo. Katika mji wa Arusha, mwaka 1967, chama cha TANU kilitoa azimio lililotaka njia kuu za uchumi ziwe chini ya wakulima na wafanyakazi, kwa mkono wa serikali na vyama vya ushirika. Siasa ile ililegezwa baada ya maamuzi ya Zanzibar ya mwaka 1991, na makosa yake yamekwisha kuandikwa na wengi. Swali lake halikulegea. Wakati ule njia kuu zilikuwa ardhi, benki na viwanda. Chembe hai ikiweza kulisha mji, itakuwa njia kuu ya uchumi iliyo ndogo kuliko zote zilizopata kuwapo, na mwenye kuifungia katika jokofu lake atakuwa amefungia ziwa zima.

Hata mgomba haukai salama daima. Tanzania ilipitisha mwaka 2012 sheria ya kulinda haki za wavumbuzi wa aina mpya za mimea, na mwaka 2015 ikajiunga na umoja wa mataifa yanayolinda haki hizo. Mvumbuzi anastahili ujira wake. Asiyelipwa leo hatavumbua kesho. Lakini kati ya ujira wa mvumbuzi na uhuru wa bibi kumpa binti yake chipukizi uko mpaka mwembamba, na mpaka mwembamba huvukwa usiku. Kama mgomba, ulio na machipukizi, wahitaji mlinzi wa mpaka huo, basi samaki asiye na mbegu wahitaji walinzi wawili.

Yapo mambo ya kufanya, na si ya ndoto. Mkoa wa Arusha una utajiri ambao wenyeji wachache huukumbuka. Katika chemchemi na rasi za magadi za Ziwa Natron huishi samaki wadogo wa jamii ya perege, waliozoea maji makali na ya moto ambayo yangewaua jamaa zao wa mto kwa muda mfupi. Katika Ziwa Chala, mpakani mwa Kilimanjaro, yuko perege asiyepatikana kwa asili mahali pengine popote, na idadi yake imepungua kwa kutisha. Kwa mvuvi hawa ni samaki wadogo wasio na faida kubwa. Kwa mtaalamu wa chembe, kiumbe anayestahimili joto na magadi aweza kuwa hazina. Siku moja mgeni mwenye kichupa na barafu atakuja kuomba kipande kidogo kuliko ukucha, na kwa desturi ya ukarimu atapewa. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ulioanza kufanya kazi mwaka 2014, ulitungwa kwa ajili ya wageni wa namna hii: ufuate ruhusa kabla ya kuchukua, na mgawo wa faida baada ya kupata. Lakini mkataba hulinda mali iliyojulikana. Mali isiyohesabiwa na mwenyewe huhesabiwa na mwizi.

Basi kazi ya kwanza ni ya elimu: vyumba vya Tengeru vilivyojua kukuza ncha ya mgomba vipewe fedha na vijana wa kujifunza kukuza chembe ya perege, si kwa kiburi cha kuishinda Singapore, bali ili siku ya mashauri pawe na mtu wa nyumbani anayejua kinachozungumzwa. Kazi ya pili ni ya sheria: chembe iliyotolewa katika maji ya umma iandikwe kuwa ya umma, na anayeitumia alipe, kama mvuvi anavyolipa leseni yake. Kazi ya tatu ni ya ushirika. Wakulima wa kahawa wa Meru na Kilimanjaro walijua zamani kwamba mtu mmoja na gunia lake ni mnyonge mbele ya mnunuzi, wakaungana. Mama wauza samaki wa Kilombero na Tengeru hawajaulizwa neno lolote kuhusu jambo hili, na huenda wakaja kuulizwa siku ambayo jibu lao halina kazi tena. Wao wana ujuzi ambao pipa halina: wanajua nani anakopa na kulipa, nani ana wagonjwa, ladha ipi hupendwa na mtaa upi. Kitoweo chochote kitakachokuja, mtu atahitajika kukiuza kwa uso na kwa salamu. Yafaa awe mwenye hisa, asiwe kibarua wa meza.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walinena juu ya malezi ya mtoto, lakini mithali nzuri haichoki kwa kutumika. Samaki wa pipa ni mbichi bado. Bei yake ni kubwa, watengenezaji wake ni wachache, mikahawa inayompika yahesabika, na sheria zake katika nchi nyingi hazijaandikwa. Akikauka katika umbo alilopewa na wengine, hatakunjika. Atavunjika, au atawavunja wanaojaribu. Wakati wa kumkunja ni huu, angali hana desturi, angali hana soko, na hata jina la Kiswahili hajalipata. Wanafunzi wa lugha watampa jina, na hiyo ni sehemu yao. Lakini jina bila ya milki ni kumtaja mtoto wa jirani kwa upole na kumrudisha kwao jioni.